Kilichopungua Kimekwenda Wapi? Ukaguzi wa Gari Anaoweza Kuufanya Dereva Mwenyewe

Asubuhi, kwenye maegesho mengi ya Dar es Salaam, utamwona dereva amefungua boneti, anamimina maji kwenye rejeta, anafunga na kuondoka. Kesho yake anarudia. Ukimuuliza atakwambia gari lake linakunywa maji kidogo tu, halina tatizo. Dereva huyu ana bidii kuliko wengi, maana wapo ambao boneti yao hufunguliwa na fundi peke yake, siku ya sevisi. Ila mfumo wa kupoza injini umefungwa, na maji yanatakiwa kuzunguka humo humo. Yakipungua kila siku, kuna mahali yanatokea, na mahali hapo hapatajiziba kwa kuongezewa chupa nyingine.

Ushauri wa "kagua oili, kagua maji, kagua upepo" tunao wote kichwani. Kinachokosekana ni hatua inayofuata: nikikuta kimepungua, nifikirie nini? Gari lina vitu ambavyo kupungua kwake ni kawaida, vingine hupungua kwa sababu kitu kingine kabisa kimechakaa, na vingine havipaswi kupungua hata tone. Anayeweza kutenganisha makundi haya matatu hahitaji kuwa fundi. Dakika kumi za Jumamosi asubuhi, injini ikiwa baridi, zinamtosha kuona mapema jambo ambalo likichelewa litagharimu injini nzima.

Oili ya injini

Nianze na oili, kwa sababu ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko vyote. Simamisha gari mahali tambarare. Kama lilikuwa linatembea, zima injini na usubiri dakika tano hadi kumi ili oili iliyopanda juu irudi chini. Chomoa dipstiki, yaani kile kijiti cha kupimia oili, ifute kwa kitambaa kisafi, irudishe mpaka mwisho, kisha ichomoe tena usome. Usomaji wa mara ya kwanza usiuamini, maana oili huwa imeruka na kupaka juu ya alama wakati gari likitembea. Kiwango kiwe kati ya alama mbili, vizuri zaidi karibu na ya juu. Kwa magari mengi madogo, nafasi iliyopo kati ya alama hizo ni takriban lita moja.

Kila injini huunguza oili kidogo. Utando mwembamba hubaki kwenye kuta za silinda ili pistoni iteleze, na sehemu ya utando huo huungua pamoja na petroli. Kwa hiyo oili kupungua ni jambo la kawaida. La kuuliza ni kiasi gani. Baadhi ya watengenezaji huandika vitabuni mwao kwamba hata lita moja kwa kilomita 1,000 bado inavumilika. Sasa chukua Toyota Passo ya silinda tatu, ambayo injini yake hubeba oili kama lita 3 tu. Fundi amekubandikia kikaratasi kwamba sevisi ijayo ni baada ya kilomita 5,000, nawe hufungui boneti katikati. Gari ambalo kwa mujibu wa kitabu ni zima linaweza kubaki karibu tupu kabla halijamaliza nusu ya kilomita hizo. Kikaratasi kinahusu kubadilisha oili. Hakikuahidi kwamba oili itakuwepo muda wote huo.

Hapo ndipo ile taa nyekundu yenye picha ya kopo la oili inapowaponza watu. Wengi wanaamini itawaka oili ikipungua. Kwenye magari mengi tunayoendesha, taa hiyo hupima msukumo wa oili, haipimi wingi wake. Pampu inaweza kuendelea kusukuma vizuri huku kiwango kimeshuka chini kabisa ya dipstiki, na taa ikabaki imezimika. Siku inapowaka, msukumo umeshapotea na vyuma vinasuguana bila utando wa oili. Zima injini hapo hapo ulipo, pembeni ya barabara, hata kama sheli unaiona mbele yako. Injini hunoki, yaani hufa kwa vyuma kusagana, katika ile kilomita moja ya "acha nifike tu kwa fundi". Ishara ya mapema zaidi ni taa kupepesa unapokata kona au unapofunga breki kwa nguvu: oili kidogo iliyobaki imekimbilia upande mmoja na pampu imevuta hewa.

Oili ikipungua haraka, kwa kawaida imevuja nje au imeungua ndani. Kuvuja utakuona chini ya gari na kwenye ubavu wa injini. Kuungua kunaonekana kwenye ekzosi, kwa moshi wa bluu. Mwombe mtu asimame nyuma unapowasha gari asubuhi. Moshi wa bluu unaotoka kwa muda mfupi baada ya kuwasha kisha ukakata, mara nyingi ni sili za valvu. Unaoendelea kila ukikanyaga mafuta, hasa mlimani, mara nyingi ni ringi za pistoni. Gharama za kazi hizi mbili ni mbali kabisa, hivyo ukimfikia fundi na maelezo hayo umempunguzia kukisia, na umejipunguzia kulipia makisio yake.

Rangi nyeusi isikutishe. Oili hukusanya masizi, na kwa kuyakusanya ndiyo inaisafisha injini. Ya kuogopa ni oili yenye rangi ya chai ya maziwa, maana maji yameingia humo. Kiwango kilichopanda juu ya alama bila wewe kuongeza kitu kinastahili hofu kuliko kilichoshuka, kwa sababu ama maji ama petroli inachanganyika na oili. Wanaoishi kwenye baridi ya Njombe au Makete na kuendesha safari fupi fupi huweza kukuta utando mweupe chini ya kifuniko cha kumiminia oili. Kama dipstiki ni safi na maji ya rejeta hayapungui, huo ni unyevu tu wa injini ambayo haipati muda wa kupata moto.

Unapoongeza, fuata gredi iliyoandikwa kitabuni au juu ya kifuniko. Magari mengi ya Kijapani ya miaka ya karibuni yaliundwa kwa oili nyepesi ya 0W-20 au 5W-30. Desturi ya kumimina oili nzito ya 20W-50 "kwa kuwa huku kuna joto" tumeirithi kutoka kwenye injini za zamani. Injini hizi mpya zina njia nyembamba za oili, na oili nzito huchelewa kufika juu pale asubuhi gari linapowashwa, wakati ambao vyuma vinaihitaji zaidi.

Maji na joto

Maji huchemka kwenye nyuzi 100 usawa wa bahari. Kifuniko cha rejeta kina springi inayofungia mvuke mpaka msukumo ufike karibu bar 1 juu ya ule wa hewa ya nje, na kwa msukumo huo maji hayachemki mpaka yafike kama nyuzi 120. Kwa njia hiyo injini hufanya kazi kwenye nyuzi 90 na zaidi kwa utulivu kabisa. Ukifungua kifuniko hicho injini ikiwa ya moto, msukumo huanguka ghafla na maji yaliyotulia hugeuka mvuke kwa mkupuo mmoja, kuelekea usoni kwako. Kukunja kitambaa mkononi hakutoshi. Subiri mpaka bomba la juu la rejeta uweze kulishika bila kuungua, ndipo ufungue.

Hii pia inaeleza kwa nini kifuniko chenye mpira uliochakaa, kitu cha bei ndogo sana, kinaweza kuchemsha gari lenye rejeta nzima na feni nzima. Msukumo haukai, na maji yanachemka mapema. Ukipanda nyanda za juu mambo yanazidi. Mbeya mjini, kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzi 94 hivi.

Kipimo cha kila wiki ni lile tangi dogo la plastiki lenye alama ya chini na ya juu. Lakini walau mara moja kwa mwezi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua rejeta yenyewe uone kama maji yamefika shingoni. Kifuniko kikiharibika, au mpira unaounganisha tangi na rejeta ukiziba au kutoboka, tangi linaweza kuonyesha maji ya kutosha huku rejeta ikielekea kukauka. Madereva waangalifu wamedanganywa na tangi hilo.

Kwa Vitz, Passo na magari mengi madogo hakuna hata mshale wa joto. Kuna taa ya bluu ya injini baridi na taa nyekundu ya injini iliyozidi joto, na katikati yake hakuna taarifa yoyote. Tena kihisio kinachowasha taa hiyo kimeundwa kupima joto la maji yanayokigusa. Bomba likipasuka na maji yote yakamwagika, kihisio kinabaki hewani na kinaweza kuchelewa kusema, huku chuma cha injini kinaungua. Mwenye gari la namna hii hana njia nyingine zaidi ya kufungua boneti.

Maji yakipungua, yatafute kwa mpangilio. Minya mabomba ya mpira injini ikiwa baridi: yaliyolegea kupita kiasi, yaliyokakamaa au yenye nyufa yamefika mwisho. Angalia michirizi mikavu ya rangi kwenye rejeta na chini ya pampu ya maji. Gusa zulia la miguuni kwa abiria wa mbele. Likiwa limelowa na lina harufu tamu tamu, rejeta ndogo ya hita iliyo nyuma ya dashibodi inavuja. Kama nje kote ni kukavu, shuku gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloku. Fungua rejeta injini ikiwa baridi, washa, utazame shingoni. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa inayojitoa. Mapovu yasiyokoma, yanayoongezeka ukikanyaga mafuta, ni hewa ya silinda inayoingia kwenye maji. Usiliendeshe gari hilo kwenda mkoani.

Kuhusu maji yenyewe, visima vingi vya Dar es Salaam hutoa maji ya chumvi, na chumvi hiyo huganda ndani ya vijia vyembamba vya rejeta na kula aluminiamu. Kulanti, yaani maji maalumu ya rejeta yanayouzwa dukani, ina dawa za kuzuia kutu na hupandisha kiwango cha kuchemka. Rangi zake, iwe kijani, nyekundu, pinki au bluu, hazifuati kanuni moja duniani, kwa hiyo usichanganye kwa kuangalia rangi. Soma aina inayotakiwa kitabuni. Ukikwama njiani, maji safi ya chupa ni afadhali kuliko kuendesha rejeta ikiwa tupu, mradi baadaye ubadilishe yote.

Kuna tabia moja ya gereji zetu ambayo nadhani imetuumiza sana: kuondoa themostati. Gari likichemsha, fundi anaitoa na kusema huku ni nchi ya joto, haihitajiki. Themostati ni valvu inayofunguka maji yakifika nyuzi 80 na kidogo, ili injini ipate moto haraka kisha ibaki kwenye joto lake. Ikiondolewa, injini hukaa baridi kwa muda mrefu, kompyuta yake inaendelea kumimina petroli nyingi ikidhani ni asubuhi, na oili haipati joto la kutosha kukausha unyevu. Na kile kilichochemsha gari mwanzoni bado kipo. Ikiwa imekwama, ibadilishwe. Kabla ya hapo, uliza kwa nini gari lilichemsha.

Mlima Kitonga, kwenye barabara ya kwenda Iringa, hufichua yote haya kwa mara moja. Nyuma ya lori linalopanda kwa mwendo wa kutembea, injini inafanya kazi kubwa huku upepo wa mbele ukiwa hakuna. Mshale ukianza kupanda, zima kiyoyozi na fungua hita mpaka mwisho. Utatoka jasho, lakini hita nayo ni rejeta ndogo na inaondoa joto. Mshale ukifika kwenye nyekundu, au ukiona mvuke, simama mahali salama na uzime. Maji ya baridi yasimwagwe juu ya injini ya moto. Hedi ya aluminiamu ikishtuliwa namna hiyo hupinda au kupasuka, na kosa la maji ya shilingi chache linageuka kazi ya kufungua injini.

Tairi

Tairi zima hupoteza psi (kipimo cha msukumo wa upepo) moja au mbili kwa mwezi kwa sababu hewa hupenya kwenye mpira polepole. Linalopoteza tano kwa wiki lina msumari, lina valvu mbovu, au ringi yake imeliwa na kutu. Paka maji ya sabuni kwenye valvu na kwenye ukingo wa ringi. Mapovu yatakuonyesha kabla hujafika kwa fundi pancha.

Kiasi sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Magari yaliyotoka Japani huandikwa kwa kilopaskali: 220 ni sawa na psi 32 hivi, 240 ni karibu 35. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni ukomo ambao tairi lenyewe linaweza kubeba, haihusiani na uzito wa gari lako. Kijana wa sheli akikuuliza "nikuwekee ngapi?", mtajie namba yako badala ya kumwachia aamue. Pima asubuhi kabla ya kutembea, au baada ya kilomita mbili tatu tu.

Kuna imani inayosambaa kwamba ukielekea safari ndefu ya mchana, upunguze upepo kidogo kwa kuwa joto litaujaza na tairi litapasuka. Ukweli uko kinyume kabisa. Ni kweli kwamba upepo hupanda tairi likipata moto, na kupanda kwa psi nne au tano barabarani ni kawaida ambayo waliopanga namba ya kibandiko waliihesabu. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja zaidi kila linapogusa lami. Kule kujikunja, mara mia kadhaa kwa kila kilomita, ndiko kunakozaa joto linalotenganisha matabaka ya nyuzi ndani yake mpaka linapasuka kwa kasi kubwa. Wanaopunguza upepo kabla ya kuingia barabara kuu wanatengeneza kile kile wanachokiogopa. Ukiwa umebeba abiria watano na mizigo, upepo uongezwe kama kibandiko kinavyoelekeza, na tairi lililopata moto njiani lisifunguliwe valvu.

Tairi huandika historia yake kwenye uso wake. Likiisha pande zote mbili na kubaki katikati, limetembea na upepo mdogo. Likiisha katikati, upepo ulizidi. Likiisha upande mmoja tu, magurudumu hayajanyooka na unahitaji wili alaimenti. Likiwa na vilima na mabonde ukipitisha kiganja, tazama shokapu. Ndani ya mifereji kuna vituta vidogo vya mpira. Uso wa tairi ukilingana navyo, kina kimebaki milimita 1.6, na hapo mvua ya masika inaweza kulielesha gari juu ya maji bila usukani wala breki kushika kitu.

Umri nao uangaliwe, hasa kwa anayenunua tairi za mtumba. Ubavuni kuna kifungu kinachoanza na herufi DOT, na mwishoni mwake tarakimu nne. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Watengenezaji kadhaa wanashauri tairi likaguliwe na mtaalamu kila mwaka baada ya kutumika miaka mitano, na lisitumike likipita miaka kumi, hata kama lina meno mazuri. Mpira hukauka ukiwa umekaa tu. Tairi la mtumba linalong'aa huwa limepakwa dawa, basi soma tarakimu kwanza.

Spea haikumbukwi mpaka siku ya pancha. Magari mengi madogo ya Kijapani hubeba spea nyembamba ya muda, inayohitaji upepo wa psi 60 na isiyotakiwa kuzidi kilomita 80 kwa saa. Ikiwa na upepo wa 30 haitakufikisha mbali. Angalia pia kwamba jeki ipo, spana ya nati ipo, na nati zenyewe zinafunguka kwa mkono wako. Baadhi ya gereji huzikaza kwa mashine mpaka mtu wa kawaida hawezi kuzilegeza.

Breki

Hapa kuna kile kitu kinachopungua kwa sababu kingine kimechakaa. Oili ya breki ipo kwenye kikopo cha plastiki karibu na ukuta wa nyuma wa injini, upande wa dereva. Haiungui wala haikauki. Pedi zinapolika, pistoni za breki husogea mbele kuzifuata, na oili hushuka kujaza nafasi iliyoachwa. Kwa hiyo kiwango kinachoshuka taratibu, kwa miezi, kinakwambia pedi zimeisha. Ukiongeza oili mpaka juu umeifuta taarifa hiyo, na fundi atakapoweka pedi mpya, pistoni zitarudi nyuma na oili itamwagika nje na kula rangi ya gari. Kiwango kilichoshuka kwa siku chache ni mvujo, na gari lenye mvujo wa breki haliendeshwi hata kwenda gereji. Mlete fundi lilipo.

Kwenye magari mengi, taa nyekundu ya hendibreki na ya oili ya breki ni moja. Ikiwaka hendibreki ikiwa chini, usiendelee kuivuta na kuishusha ukidhani imekwama. Fungua boneti.

Jaribio hili halihitaji kifaa chochote. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano au sita mpaka pedali iwe ngumu. Ishikilie, kisha uwashe injini. Pedali inatakiwa izame kidogo, ishara kwamba buta la breki, linalokuongezea nguvu ya kukanyaga, linafanya kazi. Endelea kuikanyaga kwa nusu dakika. Ikiendelea kuzama polepole mpaka chini, oili inavuja nje au masta silinda, yaani pampu ya breki inayosukumwa na pedali, inapitisha ndani. Ikiwa laini kama yenye hewa na inakuwa ngumu kwa kukanyaga mara mbili tatu, mfumo una hewa au oili imezeeka.

Oili ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani mwaka hadi mwaka, na unyevu huo hugeuka mvuke breki zikipata moto mkali kwenye mteremko mrefu. Kwa sababu hiyo vitabu vingi hutaka ibadilishwe kila miaka miwili au mitatu. Tumia oili ya breki ya aina ya DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko kinavyosema. Oili ya injini au ya gia ikiingia humo, hata kikombe kimoja, huvimbisha mipira yote ya mfumo wa breki, na itabidi mfumo mzima ufunguliwe.

Betri, taa na sakafu

Joto huua betri kuliko baridi, kwa hiyo ya Tanga au Mombasa isitarajiwe kudumu sawa na ya Arusha. Kipimo cha umeme cha bei rahisi kinatosha: gari likiwa limelala usiku kucha, betri iliyojaa husoma volti 12.6 hivi, na 12.2 ni nusu. Washa injini, isome kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Kama haipandi, alteneta (inayochaji betri) au mkanda wake ndio wenye kosa, na betri mpya utakayouziwa itakufa vile vile. Unga mweupe au wa kijani kwenye temino huoshwa kwa maji ya moto na brashi. Ukifungua, anza na waya wa hasi. Ukifunga, malizia nao. Spana ikigusa bodi la gari huku hasi imeshafunguliwa hakuna cheche.

Geuza ufunguo hatua moja kabla ya kuwasha, utazame dashibodi. Taa ya injini, ya oili, ya betri na ya mifuko ya hewa zinatakiwa ziwake zote, kisha zizimike muda mfupi baada ya injini kuwaka. Isiyowaka kabisa ni ya kutiliwa shaka kama inayokataa kuzima, hasa ukiwa unanunua gari mkononi mwa mtu, maana balbu inaweza kuwa imetolewa ili tatizo lisionekane.

Usiku mmoja kwa mwezi tandika boksi la karatasi lililokunjuliwa chini ya injini. Maji meupe yasiyo na harufu yaliyodondoka muda mfupi baada ya kuegesha ni ya kiyoyozi, hayana neno. Doa jeusi au kahawia ni oili ya injini. Jekundu lenye utelezi ni la gia otomatiki. Kijani au pinki lenye utamu wa harufu ni kulanti. Rangi ya asali karibu na gurudumu ni breki, na hilo halisubiri.

Gia otomatiki nakushauri uishie kuangalia tu. Magari mengi ya karibuni hayana hata dipstiki ya gia, na yale ya CVT (gia otomatiki isiyo na hatua) hutaka oili yake maalumu. Haidroliki nyekundu ya dukani ikimiminwa humo huweza kuliharibu gia boksi zima. Nyaya nene za rangi ya chungwa kwenye magari ya haibridi kama Prius na Aqua zina umeme wa kuua; zisiguswe. Na mtu asiingize mwili chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

Weka daftari dogo kwenye droo ya dashibodi. Kila ukiongeza kitu, andika tarehe, kilomita na kiasi. Baada ya miezi miwili utaweza kumwambia fundi, "Fundi, inaunguza nusu lita kila kilomita 800, moshi wa bluu unatoka nikipanda mlima tu, na chini hakuna doa," naye ataanza kazi kutoka hapo badala ya kuanza kwa kubadilisha plagi.